Soksi ya Kushoto ya Bwana Bado

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi kamili za jioni, mpigapicha mkuu wa kampuni yetu ya kalenda ataweka funguo za chumba cha picha mezani kwa ofisa utumishi na kwenda zake nyumbani, baada ya kututumikia miaka ishirini na tisa na miezi minne. Ofisa utumishi ametuomba tuandike kwamba anastaafu kwa mujibu wa sheria. Haya, tumeandika. Lakini wanaomjua wanajua kwamba hakuna sheria iliyowahi kumbandua mahali kabla hajamaliza shughuli yake, na kwamba angeulizwa yeye kama yuko tayari kuondoka, angejibu kwa neno lilelile lililompa jina.

Jina hilo alibandikwa mwaka wake wa kwanza na dereva wetu, ambaye naye tunamwita Breki kwa sababu huzigusa mara chache. Breki alimpeleka kilimani kupiga picha ya macheo, akakaa kwenye usukani akingoja, na kila alipotoa kichwa dirishani kuuliza kama ameshamaliza alijibiwa, "Bado." Jua likatoka, likapanda, umande ukakauka, mbuzi wakaja kula majani ubavuni mwa gari. Bado. Saa nne asubuhi Breki aliingia ofisini peke yake, akamimina chai na kutangaza kwamba amemwacha Bwana Bado kule juu na kwamba kampuni ianze kutafuta mwingine. Bwana Bado alirudi jioni juu ya lori la mchanga, mweupe kama aliyepakwa unga, na picha aliyokuja nayo ikawa jalada la kalenda ya mwaka uliofuata. Tangu hapo hakuna jalada la macheo lililopigwa na mkono mwingine.

Aliajiriwa kama msaidizi wa chumba cha giza, enzi zile za kusafisha filamu kwenye beseni. Picha ile ya kilimani ilimpandisha kuwa mpigapicha, kisha mpigapicha mkuu, cheo alichokipokea kwa shingo upande kwa sababu kilikuja pamoja na vikao. Amefundisha wapigapicha wanne. Watatu kati yao sasa wanapiga picha za harusi, nao husema wazi kwamba wameipenda kazi hiyo kwa kuwa maharusi huamka saa mbili.

Kwa wasiofahamu, macheo hayapigwi picha asubuhi. Hupigwa jana yake mchana. Hiyo ndiyo elimu ya Bwana Bado, na mimi, msanifu kurasa niliyembebea stendi ya miguu mitatu kwa miaka kumi na minane, naijua kwa mabega. Tukifika safarini, kabla mtu hajaonyeshwa kitanda chake, yeye ameshapotelea mlimani na dira yake na daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Anatafuta jua litakapotokea. Anaandika dakika. Anachagua jiwe, kisiki au mtumbwi uliooza wa kukaa mbele ya picha, maana anasema jicho la mtazamaji ni kama mgeni, usipompa pa kukaa anaondoka. Mahali pa kusimamisha stendi anapachora kwa chaki, duara tatu, moja kwa kila mguu.

Kisha, saa kumi jioni, yanafuata mazoezi ya gizani. Tochi kwake ni mwiko. Anasema tochi hula macho, na macho yakishaliwa huchukua nusu saa kurudi. Kwa hiyo sote tunajipanga mlangoni pa chumba, mkono begani kwa aliye mbele, tunafumba macho na kupanda kilima tukihesabu hatua kwa sauti mpaka kwenye chaki. Halafu tunarudi. Halafu tena. Mwenye nyumba moja ya wageni alitufungulia geti kwa heshima kubwa, akanivuta pembeni na kuniuliza sisi ni vipofu wa chama gani. Kesho yake alipomwona Breki ameshika usukani alikusanya watoto wake na kuingia nao ndani.

Usiku, saa za kuamsha, mbili, huwekwa ndani ya sufuria tupu ili zilie ipasavyo. Simu zetu zote huwekwa kwenye sufuria ya pili, kwa sababu nazo zina taa. Mwenyewe hulala amevaa kila kitu isipokuwa viatu, na betri ya kamera huichomeka ndani ya soksi yake ya kushoto, kifundoni, kwa kuwa baridi ya milimani huimaliza nguvu na hakuna mahali penye joto la uhakika kama mguu wa mtu aliyelala. Na kuanzia saa zinapolia mpaka jua lote litokeze, hakuna ruhusa ya kusema hata neno moja. Mdomo ukicheza, anasema, mkono unatikisika.

Sasa nitaje jambo ambalo watu watatu tumelificha kwa miaka kumi na sita. Namwomba radhi mhusika, lakini cheti chake cha pongezi kimeshatiwa sahihi na hakiwezi kurudishwa. Wengi mnaikumbuka kalenda yetu iliyopendwa kuliko zote, ile ya nyumba ndogo chini ya jabali, kila ukuta unang'aa rangi ya asali. Jina lake ni "Macheo", na ndani yake hakuna jua. Wateja waliandika barua. Bwana Bado alialikwa chuoni kuwaeleza wanafunzi ujasiri wa kupiga picha ya jua bila jua, akaenda, akazungumza saa nzima.

Ukweli ni huu. Jana yake aliiweka dira juu ya boneti ya gari ili apate mikono miwili ya kuandikia. Dira ikikaa juu ya chuma husema uongo bila haya. Alfajiri tulisimama kimya, macho upande aliotuonyesha, tukingoja. Mbele yetu giza. Mbele yetu kijivu. Mbele yetu kijivu zaidi. Kisha nikahisi vuguvugu kisogoni. Nikamtazama Breki, Breki akanitazama, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo, kwa kuwa kwa upande tuliokuwa tumeelekea jua lilikuwa halijatoka na kanuni ya kimya ilikuwa ingali inafanya kazi. Bwana Bado hakugeuka. Naamini aligundua sekunde ileile na akaona aibu kugeuka mbele yetu. Mwanga ukapita juu ya vichwa vyetu, ukaangukia zile nyumba, naye akabonyeza. Kwenye gari alisema neno moja tu: "Nilikusudia." Breki alicheka mpaka akakumbuka breki.

Tuje kwa mtu ambaye ofisi nzima inamdai shukrani, yaani shemeji yetu, mkewe, mwalimu wa hesabu. Kwa miaka ishirini na minane ya ndoa shemeji amekuwa akisema, kwa sauti inayofika mapokezi, "Mimi nina mke mwenza. Hutoka kila siku saa kumi na mbili na nusu, mume wangu anamkimbilia na mavazi ya jana, na mimi sijaonyeshwa hata sura yake." Tulikuwa tukicheka. Lakini kila mwaka aliomba kufuatana naye safari ya jalada, na kila mwaka alijibiwa mnachojua. Watoto wadogo, bado. Mitihani ya shule, bado. Barabara mbaya, bado. Mwaka mmoja nilimwona amekaa kwenye benchi la mapokezi na kikapu chake cha safari, halafu nikamwona akirudi nacho nyumbani. Siku hiyo sikucheka.

Mwezi wa tatu mwaka huu mkurugenzi wetu, ambaye atausoma wasifu huu na tunamheshimu sana, alisema kwenye kikao kwamba macheo yamejaa mtandaoni, na kwamba jalada la mwakani linaweza kupatikana kabla birika la chai halijachemka. Bwana Bado alirudi chumba cha picha akaanza kuzifuta vumbi lenzi ambazo hazikuwa na vumbi. Tulimwendea mkurugenzi tukiwa kundi, na Breki akazungumza kwa niaba yetu, jambo ambalo hatukulipanga. Tukapewa safari moja na asubuhi moja. Wingu likitanda, mtu akilala, jambo lolote likiharibika, jalada litakuwa jua la mtu mwingine, na mzee ataondoka hivyo. Alikuwa ameliweka jua lake mbele ya kila kalenda kwa miaka yote hiyo, na sasa angeaga akiwa ameshindwa. Sote tulijua hivyo, na yeye alijua kuliko sisi.

Siku ya kuondoka, Breki alipofungua mlango wa gari alimkuta shemeji ameshakaa siti ya mbele, mkanda kifuani, kikapu mapajani. Bwana Bado alifungua mdomo. "Baba watoto," shemeji akasema bila kugeuza kichwa, "leo hiyo bado yako kaa nayo siti ya nyuma." Akakaa nayo siti ya nyuma.

Tulifika mchana kwenye nyumba ya wageni chini ya kilima cha mawe, na ukisimama juu yake, upande wa mashariki unaona bonde refu lenye milima miwili mwishoni. Jua, kwa hesabu ya daftari, lingetokea katikati ya milima hiyo saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne. Dira ilisomwa mkononi. Mimi na Breki tulisimama kila mmoja upande wake kuhakikisha hakuna boneti karibu. Jiwe la mbele likachaguliwa, pana na laini, limeinama kidogo kuelekea bondeni. Chaki ikachorwa. Yakafuata mazoezi ya gizani, na hapo niungame: kwa miaka yote hiyo, mimi na Breki tulikuwa tukichungulia. Jicho moja, kidogo tu, kama mtoto wakati wa sala. Shemeji ndiye binadamu wa kwanza kuyafanya mazoezi yale kwa uaminifu. Alifumba macho, akahesabu, na tulipofika juu, mumewe akasema hatua ni mia sita na arobaini, naye shemeji akamwambia, "Mia sita arobaini na tatu. Tatu umeziruka pale kwenye mzizi." Bwana Bado alishuka akahesabu upya. Zilikuwa mia sita arobaini na tatu. Alilisahihisha daftari kimya kimya.

Niseme pia, kwa faida ya idara ya stoo, kwamba kamera ilikwenda na betri moja. Ya pili ilikufa mwaka juzi, na ombi la nyingine bado linashughulikiwa.

Sufuria ilivuma saa kumi na dakika kumi alfajiri. Tukaamka mabubu. Yaliyotokea chumbani kwa wanandoa tumesimuliwa baadaye na pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza pande zote mbili zinakubaliana. Shemeji, ambaye ana kanuni zake naye, hawezi kutoka nyumbani na mwanamume aliyevaa soksi za jana. Alimkalisha mumewe ukingoni mwa kitanda kama mtoto wa chekechea, akamvua soksi gizani na kumvalisha nyingine. Alihisi kitu kigumu ndani ya ile ya kushoto, lakini hajawahi kufua nguo ya mume huyu bila kutoa kokoto, akaitupa ndani ya mfuko wa nguo chafu chini ya kitanda. Na mwenye betri yake, nusu amelala, angesema nini? Kanuni ya kimya aliitunga mwenyewe.

Tulipanda. Stendi ilikaa kwenye duara zake tatu kama kuku kwenye mayai. Kamera ikafungwa juu. Zilikuwa zimebaki dakika hamsini na ushei, giza totoro, nyota zote zipo, wingu hakuna hata moja, asubuhi ambayo mpigapicha huiombea maisha yake yote. Bwana Bado akainama kutoa betri. Alibaki ameinama muda mrefu. Nilidhani ni mgongo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aitunge kanuni ya kimya, akasema neno kabla ya jua kutoka.

"Soksi!"

Shemeji akashika kichwa. Breki akajitolea kukimbia, akapiga hatua nne na kukanyaga hewa, tukamvuta kwa sweta. Hakuna aliyejua njia. Njia tuliijua kwa lile jicho moja, na jicho moja mchana wa jana halisaidii kitu alfajiri hii. Simu zilikuwa kwenye sufuria. Tochi zilikuwa mwiko. Bwana Bado mwenyewe magoti yake, baada ya mazoezi ya jana, yalikuwa na akiba ya kushuka kilima mara moja tu, na mara hiyo ilikuwa haijafika. Akaketi chini karibu na stendi yake. "Basi," akasema. "Waambie wanunue hiyo ya mtandaoni." Sikuwahi kumsikia akisema "basi", na nakiri moyo ulinipasuka.

Shemeji hakusema basi. Alifunga kanga kiunoni, akavua viatu, akafumba macho gizani mle, na tukamsikia akiondoka: moja, mbili, tatu, nne. Sauti ikashuka mlimani ikihesabu, kwa mapumziko mafupi kwenye mzizi, mpaka ikapotea. Tukangoja. Bwana Bado alikuwa akihesabu naye kwa midomo. Nyota zikaanza kupungua. Anga la bondeni likawa na rangi ya majivu, kisha ya ndizi mbivu. Kwenye saa ya Breki ilikuwa kumi na mbili na dakika ishirini na tisa tulipoisikia tena ile sauti, sasa haina pumzi, ikipanda na kuhesabu kurudi nyuma kwa sababu ndivyo walimu wa hesabu walivyo. Ishirini na moja. Ishirini. Akatokea na soksi zote mbili shingoni, kwa kuwa hakutaka kupoteza muda kuuliza ipi ya kushoto.

Betri iliingia ikiwa baridi kama jiwe. Kamera ikawaka, ikaonyesha alama nyekundu, ile inayosema kwamba kilichobaki ni kidogo, usicheze. Picha moja, labda mbili. Na shemeji, ambaye ameshuka na kupanda kilima ndani ya dakika hamsini akiwa na miaka hamsini na sita, alitafuta pa kukaa, akapaona. Akaketi juu ya jiwe la mbele.

Wasomaji, mjue kwamba Bwana Bado hajawahi kuruhusu kiumbe hai ndani ya picha ya jalada. Amefukuza mbuzi. Amefukuza wapenzi wawili waliokuwa wamekuja kuchumbiana. Amewahi kumwomba mkurugenzi aliyetangulia asogee pamoja na mwavuli wake. Breki alinikamata mkono. Milima miwili ilikuwa imeshawaka ukingo. Shemeji naye akakumbuka, akaanza kujiinua, soksi moja mkononi anajifutia jasho.

"Bado," mumewe akasema. "Kaa hapohapo."

Jua likatokea katikati ya milima, pale pale, dakika ile ile ya daftari. Likamwangukia shemeji usoni. Akalitazama kwa utulivu, kama mtu anayemkagua mkwe. "Kumbe ndiye huyu," akasema. "Mzuri, sikatai. Lakini anajichelewesha." Bwana Bado akabonyeza mara moja. Kamera ikazima.

Jalada hilo liko mtamboni wiki hii. Mkurugenzi aliliangalia muda mrefu, akatikisa kichwa kwa namna nzuri, na hatujasikia tena habari za birika la chai. Aliuliza tu yule mama ameshika nini mkononi. Tukamwambia ni leso. Kalenda ikitoka, mkiitazama kwa karibu, mtaona ni soksi ya mwanamume, ya kijivu, imetoboka kisigino. Ni ya kushoto.

Ndugu, kwa niaba ya wote waliopanda vilima pamoja nawe macho yamefumbwa au yamechungulia, tunakushukuru. Umetufundisha kwamba kazi nzuri huanza jana yake. Tutakukosa sana, na Breki ameniagiza niandike kwamba yeye hatakukosa, kisha akatoka nje haraka kabla sijamwangalia machoni.

Zile saa mbili na sufuria yake shemeji amezileta ofisini mwenyewe kama zawadi kwa kampuni, na kwa kuwa hakuna aliyejua kuzizima, mlinzi wetu ametuomba abadilishiwe zamu. Hivyo huko nyumbani hakuna kitakacholia. Tunakutakia asubuhi ndefu, magoti mema na soksi safi kila siku. Shemeji anasema mwili wa mume wake utaendelea kushtuka saa kumi na dakika kumi, hilo analijua, na amejiandaa. Ukijaribu kuinuka atakushika sweta na kukupa jibu moja tu, ambalo ameisubiri zamu yake ya kulitoa kwa miaka ishirini na minane.

Bado.